Uzi maalumu: Kuondoa aseniki kwenye maji ya kunywa, na kwa nini kuchemsha hakusaidii

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Kila ukifunguliwa uzi wa maji humu, ushauri ni uleule: chemsha, chuja, tia dawa. Kwa vijidudu ni ushauri sahihi na umeokoa watoto wengi. Kwa aseniki, sumu ya asili inayotoka ardhini, haufai, na sehemu yake moja inaongeza madhara. Kazi yangu kwa miaka imekuwa kuchota sampuli za visima na kusoma majibu ya maabara, na hili linaniuma kuliko yote kwa sababu anayekunywa hana namna ya kulijua. Aseniki haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji yanatoka ardhini meupe, ya baridi, mtu anayasifia.

Nianze na kuchemsha. Kinachopanda kama mvuke ni maji, aseniki inabaki sufuriani. Chemsha lita 2 mpaka zibaki lita moja na nusu, na aseniki yote iliyokuwa kwenye lita 2 sasa imo kwenye hiyo lita moja na nusu. Kitambaa, chungu cha kuchujia na mchanga mtupu navyo havisaidii, kwa kuwa aseniki imeyeyuka kama chumvi inavyoyeyuka, inapita na maji. Mkaa unanasa harufu na rangi lakini aseniki unaigusa kidogo sana. Kuanika chupa juani na vidonge vya klorini ni vya kuua vijidudu, na aseniki si kiumbe hai.

Kiwango kinachotajwa na Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, tangu 1993. Kabla ya hapo kilikuwa 50. Marekani ilishuka kutoka 50 hadi 10 kwa kanuni ya 2001 iliyoanza kutekelezwa 2006, Bangladesh bado wanatumia 50. Ili muone ukubwa wenyewe: mikrogramu 10 kwa lita ni sawa na gramu moja ndani ya lita laki moja. Kiasi hicho hakuna jicho litakaloking'amua.

Madhara huja polepole, baada ya miaka ya kunywa. Ngozi huanza kuonyesha madoa meusi yenye vitone vyeupe, mfano wa matone ya mvua yaliyodondoka kwenye vumbi. Viganja na nyayo vinaota vipele vigumu. Baadaye kuna saratani ya ngozi, ya mapafu na ya kibofu, na magonjwa ya moyo na mishipa. Mji wa Antofagasta huko Chile ulikunywa maji yenye zaidi ya mikrogramu 800 kwa lita kuanzia 1958 hadi 1970, mtambo wa kusafisha ulipoanza kazi. Miongo kadhaa baada ya maji kusafishwa, watafiti bado walikuwa wanakuta saratani za mapafu na kibofu kwa wingi kuliko kawaida miongoni mwa waliokunywa maji yale. Ndiyo maana nasema mtu asisubiri dalili.

Nitaendelea chini na namna inavyoingia kwenye maji. Msiruke sehemu hiyo, njia zote za kuiondoa zinatoka humo.

#2 – Mwanzisha uzi (mwendelezo)

Mfano unaojulikana zaidi ni Bangladesh. Miaka ya 1970 watu walikuwa wanakunywa maji ya madimbwi na mito, watoto wanakufa kwa kuhara. Serikali na UNICEF wakahimiza visima vya bomba vyenye pampu ya mkono, na vikachimbwa kwa mamilioni. Nia ilikuwa njema kabisa. Hakuna aliyepima aseniki. Upande wa pili wa mpaka, West Bengal ya India, daktari wa ngozi K. C. Saha aliwatambua wagonjwa wa kwanza 1983. Bangladesh yenyewe ilithibitisha kwenye maji yake 1993. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa na idara yao ya maji pamoja na wanajiolojia wa Uingereza ulikuta takribani robo ya visima vifupi vimevuka hata mikrogramu 50. Allan Smith na wenzake, wakiandika kwenye jarida la WHO mwaka 2000, waliiita sumu iliyowapata watu wengi zaidi kwa pamoja katika historia.

Hakuna aliyeitia aseniki ile. Mito iliteremsha mashapo kutoka Himalaya kwa maelfu ya miaka, na chembe za mashapo hayo zimepakwa kutu, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Aseniki hupenda kutu, huinata. Ikikaa hapo haimdhuru mtu. Shida inaanza mashapo yakifukiwa pamoja na masalia ya mimea. Bakteria wanakula yale masalia, wanamaliza oksijeni yote iliyokuwa chini, kisha wanaigeukia kutu na kuitumia mahali pa oksijeni. Kutu inayeyuka, chuma kinaingia kwenye maji, na aseniki iliyokuwa imenata inaachiwa nayo.

Kwa hiyo kukosekana kwa oksijeni kunayeyusha kutu, na kutu ikiyeyuka aseniki iko huru. Karibu kila njia inayofaa ya kuiondoa ni kuurudisha mchakato huo nyuma: tengeneza kutu upya ndani ya maji, iache inase aseniki, halafu itenge kutu. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

(Kuna vyanzo vingine: miamba yenye madini ya aseniki kwenye machimbo ya dhahabu, maji moto ya volkano, na maji ya nyanda kavu kama sehemu za Argentina ambako ardhi ina magadi mengi. Kwenye hizo hadithi ya kutu kuyeyuka si lazima iwe ileile, ila kutu inabaki kuwa chombo cha kunasia.)

#3 – Mchangiaji

Asante mkuu, nimejifunza. Swali fupi: kuoga na kufulia maji hayo je?

#4 – Mwanzisha uzi

Ngozi inafyonza kidogo mno, kwa hiyo kuoga, kufua na kusafisha nyumba si tatizo kubwa. Tatizo ni kinachoingia tumboni: kunywa, kupikia, na maji ya kumkorogea mtoto maziwa ya unga. Hii ni habari njema, maana maji ya kusafisha kwa siku yanakuwa machache. Familia inaweza kuhitaji lita 20 zilizosafishwa vizuri, si 200.

#5 – Mchangiaji

Mkuu, sisi kisima chetu kilikuwa kinatoa maji yanayobadilika kuwa mekundu yakikaa kwenye ndoo. Tukajenga chujio la mchanga, sasa yanatoka safi kabisa. Si ina maana aseniki nayo imeondoka?

#6 – Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi, nitalijibu kwa urefu.

Wekundu ule ni chuma kilichoyeyuka kinachokutana na hewa na kugeuka kutu ndani ya ndoo yako. Kutu ikizaliwa inabeba sehemu ya aseniki na kushuka nayo. Kwa hiyo ndiyo, chujio lako linaweza kuwa linaondoa kiasi. Vietnam, bonde la Mto Mwekundu, familia zilijenga vichujio vya mchanga kwa ajili ya kuondoa chuma tu. Watafiti walipopima wakakuta vinaondoa kwa wastani asilimia 80 ya aseniki, bila wenyewe kukusudia.

Lakini asilimia 80 ya ngapi? Kama maji yalikuwa na mikrogramu 40, umebakiwa na 8. Kama yalikuwa na 300, umebakiwa na 60, mara sita ya kiwango, na yanang'aa vilevile. Asilimia peke yake isikuridhishe, uliza *kimebaki kiasi gani*.

La pili, yale mafanikio ya Vietnam yalitegemea maji kuwa na chuma kingi sana kikilinganishwa na aseniki. Huko ilionekana kwamba kushuka chini ya mikrogramu 50 kunahitaji chuma kiwe angalau mara 50 ya aseniki kwa uzito, na kufika 10 kunahitaji zaidi ya hapo kwa mbali. Pia fosfeti (chumvi ya fosforasi) ikiwa nyingi kwenye maji inagombea nafasi zilezile kwenye kutu, kwa sababu umbo lake linafanana na la aseniki. Silika, madini ya mchanga yaliyoyeyuka, nayo inasumbua. Ndiyo maana chujio moja linafanya vizuri kijiji hiki na linashindwa kile.

Kwa hiyo jibu langu: sijui, na wewe hujui, mpaka yapimwe yanayoingia na yanayotoka. Nimewahi kupima maji ya familia iliyolitunza chujio lake kwa usafi wa kupendeza, changarawe zimeoshwa, ndoo zimefunikwa. Yaliyotoka yalikuwa bado na aseniki mara kadhaa ya kiwango. Mama wa nyumba ile aliinama akaangalia glasi yake kwa muda mrefu bila kusema neno. Sijamsahau.

#7 – Mchangiaji

Mkuu nielimishe. Nimesikia kuna aseniki za aina mbili na moja ni ngumu kuondoa. Ni kweli?

#8 – Mwanzisha uzi

Kweli tupu, na hapa ndipo miradi mingi inapokwama. Niziite aseniki ya tatu na aseniki ya tano, kwa namba wanazotumia wanakemia.

Aseniki ya tano ina chaji hasi kwenye maji ya kawaida. Kutu na alumina (oksidi ya alumini) huivuta kwa urahisi, utando wa RO, zile mashine zinazosukuma maji kwa nguvu kwenye utando wenye matundu madogo mno, unaikataa vizuri. Aseniki ya tatu, kwenye pH (kipimo cha uchachu au ubesi) ya maji ya kunywa, haina chaji yoyote. Inapita katikati ya vitu vingi vinavyofanya kazi kwa chaji. Na maji yanayotoka chini kusiko na oksijeni mara nyingi yamejaa hiyo ya tatu, ambayo pia ndiyo yenye sumu kali zaidi.

Hivyo hatua ya kwanza ni kuigeuza ya tatu iwe ya tano. Watu wanadhani kuyamimina maji kutoka ndoo hadi ndoo ili yapate hewa kunatosha. Hewa inageuza chuma haraka, ila aseniki yenyewe hewa peke yake inaigeuza polepole mno, kwa siku na zaidi. Klorini inafanya kazi hiyo ndani ya dakika. Pamanganeti ya potasiamu nayo hivyohivyo. Hapa mnaona klorini niliyosema haiondoi aseniki imerudi na kazi nyingine: inaiandaa inasike.

Watafiti wa taasisi ya maji ya Uswisi, EAWAG, walijaribu njia ya chupa za plastiki zilizoanikwa juani na matone ya maji ya limau, kwenye maji yenye chuma. Jua na limau vinasaidia kuigeuza aseniki, kutu inashuka nayo chini ya chupa usiku, asubuhi unamimina ya juu. Inapunguza, lakini haifikishi maji yenye aseniki nyingi kwenye kiwango. Naitaja kwa sababu inaonyesha hatua zilivyofuatana, si kwa ajili ya kuitegemea.

#9 – Mchangiaji (nafanya kazi kwenye mtambo wa maji)

Naongezea kwa upande wa mitambo mikubwa. Sisi mpangilio ni huu: klorini kwanza, halafu kloridi ya chuma, koroga kwa nguvu kisha polepole, acha itue, pitisha kwenye mchanga. Antofagasta aliyoitaja mwanzisha uzi nao walitumia njia ya aina hii. Shabu nayo inafanya kazi lakini inataka pH ya chini kidogo, ikipanda kuelekea 8 inazembea, wakati chuma kinavumilia. Na shabu kwa aseniki ya tatu haina msaada wa maana, kwa hiyo wanaotumbukiza shabu kwenye pipa wakaona maji yamekuwa meupe wasijidanganye.

Kuhusu vyombo vya kunasia: alumina iliyoamilishwa hupenda pH ya 5.5 hadi 6. Punje za hidroksidi ya chuma hazichagui sana. Resini za kubadilishana ioni, yaani punje za plastiki zinazobadilishana chumvi na maji, kuweni nazo makini mno. Resini inaipenda salfeti kuliko aseniki. Ikishajaa na ukaendelea kuitumia, salfeti inaisukuma aseniki itoke, na unaweza kupata maji yenye aseniki *nyingi kuliko yaliyoingia*. Nimeona kwa macho yangu kwenye majibu ya maabara.

#10 – Mwanzisha uzi

Mkuu wa #9 umenena, hilo la resini liwekewe alama na wasomaji.

#11 – Mchangiaji

RO za nyumbani je? Tunazo nyingi siku hizi.

#12 – Mwanzisha uzi

RO nzuri inaondoa aseniki ya tano kwa zaidi ya asilimia 90. Ya tatu inaikataa kwa udhaifu. Ukitanguliza klorini kuigeuza, kumbuka utando wa nyingi kati ya hizi mashine unaharibiwa na klorini, kwa hiyo mkaa unakaa kati yao: klorini, mkaa wa kuondoa klorini, kisha utando. Mkaa ule hauko pale kwa ajili ya aseniki. Na yale maji machafu yanayotupwa na mashine yana aseniki iliyojilimbikiza, yasielekezwe kwenye chombo cha kunywea mifugo.

#13 – Mchangiaji

Misumari yenye kutu mkuu? Nimeona video.

#14 – Mwanzisha uzi

Msingi wake ni wa kweli. Chuo cha MIT pamoja na wenzao wa Nepal walitengeneza chujio la Kanchan: chujio la mchanga, na juu yake sinia la misumari. Misumari inaota kutu, kutu inanasa aseniki, mchanga unazuia kutu. Profesa Abul Hussam, mzaliwa wa Bangladesh aliyekuwa akifundisha George Mason University ya Marekani, naye alitengeneza SONO, ndoo mbili zenye mchanga, mkaa, vipande vya matofali na tabaka la chuma lililoandaliwa maalumu. Mwaka 2007 SONO ilipata tuzo ya Grainger ya dola milioni 1. Nafurahi kila ninapoikumbuka hiyo, maana ni mtu aliyetafuta suluhisho la maji ya kwao.

Tofauti kati ya hizo mbili ni muda wa maji kukutana na chuma. Maji yanayopita haraka juu ya misumari mipya inayong'aa hayapati kutu ya kutosha, na yenye fosfeti nyingi yanaizidi kutu nguvu. Kanchan imefaulu mahali na kushindwa mahali. Ukiona video ya mtu anatupia misumari ndoo akatangaza maji salama, mwulize majibu ya maabara yako wapi.

Na kila chombo hujaa. Pigeni hesabu: maji ya mikrogramu 100, lita 20 kwa siku, ni miligramu 2 za aseniki kila siku, yaani takribani miligramu 730 kwa mwaka. Zote hizo zimekaa ndani ya chujio. Siku likijaa, halitoi kengele, maji hayabadiliki rangi. Wataalamu wa Jadavpur University walifuatilia mitambo 18 ya aina mbalimbali huko West Bengal, majibu yakachapishwa 2005: hakuna hata mmoja uliobaki chini ya mikrogramu 10 muda wote. Teknolojia zilikuwa sahihi kwenye karatasi. Kilichokosekana ni mtu wa kuosha, kubadilisha na kupima.

#15 – Mchangiaji

Sasa hilo tope lenye sumu tunalipeleka wapi? Mimi nilidhani chooni.

#16 – Mwanzisha uzi

Dada, chooni hapana, tafadhali. Rudini #2. Shimo la choo halina oksijeni na limejaa chakula cha bakteria. Watafanya kilekile walichofanya kwenye mashapo: watayeyusha kutu, na aseniki uliyohangaika kuinasa itarudi kwenye maji ya ardhini, karibu na kisima chako. Shimo la takataka lililofukiwa likalowa maji ni hivyohivyo. Tope likaushwe mahali pakavu pasipofikiwa na watoto, mifugo wala mafuriko. Njia inayotumika sana ni kulichanganya kwenye saruji kwa uwiano mdogo, kwa kazi zisizohusu tangi la maji. Kwa mradi wa kijiji, mpango wa tope uandikwe kabla ya kununua chombo.

#17 – Mchangiaji

Naomba ushauri wa moja kwa moja. Kisima chetu kimepimwa kwa kile kifaa cha karatasi, imegeuka rangi ya kahawia. Jirani, hatua chache tu kutoka hapa, karatasi yake imebaki nyeupe. Kifaa kimekosea?

#18 – Mwanzisha uzi

Pole sana, na asante kwa kupima. Si lazima kifaa kiwe kimekosea. Aseniki hutofautiana sana ndani ya makumi ya mita, kwa kina na kwa aina ya mashapo. Bangladesh walipima visima karibu milioni 5, wakapaka rangi nyekundu vilivyovuka kiwango chao na kijani vilivyo chini, na nyekundu na kijani vilikuwa vinapakana. Familia nyingi zilizoacha kunywa sumu hazikutumia chujio lolote, zilihamia kisima cha kijani cha jirani au kisima kirefu cha pamoja, kwa sababu tabaka za chini zaidi kule kwa kawaida ni salama.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta chujio fanya hivi. Rudieni kipimo visima vyote viwili. Kile kifaa kinatengeneza gesi ya aseniki inayopaka karatasi, nayo ni sumu, kwa hiyo mpimie nje penye upepo. Kama maji yana harufu ya yai viza, hakikisheni pamba ya kuzuia gesi ya harufu hiyo imewekwa, la sivyo rangi itadanganya. Kisha pelekeni sampuli za visima vyote viwili maabara, mkapate namba. Karatasi nyeupe haitoshi kuthibitisha 10.

Wakati mnasubiri, ombeni maji ya kunywa na kupikia kwa jirani. Mtangulizeni anayetumia maziwa ya unga, na mjamzito kama yupo. Kisima chenu endeleeni kukitumia kwa kufua na kuoga, na kipakeni alama ambayo hata mtoto na mgeni wataielewa.

Majibu yakitoka yaweke hapa: aseniki, chuma, fosfeti na pH, vyote vinne. Nikiviona nitakuambia kama kutu ya maji yenu wenyewe inatosha au mtahitaji kuongezewa chuma.

#19 – Mchangiaji wa #17

Nimeshaongea na jirani, kakubali tuchote kwake kuanzia leo jioni. Sampuli zinaondoka kesho asubuhi.